Fedha au uhasibu? Mjomba anataka nisome ualimu

Mtoto wa Kitangari

Wakuu shikamooni, na wa rika langu mambo vipi.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu). Uchumi C, Jiografia B, Hesabu D. Niko nyumbani Kitangari, Newala, na dirisha la udahili ndiyo hilo limefunguliwa.

Mjomba wangu aliwahi kuwa mtunza ghala wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Tangu niko darasa la sita, msimu wa korosho ukifika wazee walikuwa wananiita niwasomee karatasi ya makato: usafirishaji, magunia, ghala, ushirika, mpaka inabaki ile ya mkononi. Mzee mmoja kila mwaka alikuwa ananiuliza, "Na hiyo nayo nani kaipanga?" Sikuwahi kuwa na jibu. Nadhani ndipo nilipoanza kutaka kusoma fedha.

Mjomba hataki. Yeye ndiye aliyenilea, na kwetu mnajua, mjomba akisema kasema. Anataka ualimu. Maneno yake: "Mwalimu akikosa ajira anafundisha tuisheni. Wewe wa fedha utafundisha nini, hela?"

Naomba waliosoma fedha wanisaidie. Inatofautiana nini na uhasibu? Hesabu yangu ya D itanibeba? Na ni kweli wahitimu wa fedha wote wanaishia kuwa mawakala wa simu?

Wakala wa Chikongola

Dogo, umeniita. Mimi ndiye huyo mhitimu wa fedha aliyeishia kibandani. Nipo Mtwara mjini, mwavuli, kiti cha plastiki na simu nne. Barua za kuomba kazi nilizotuma zinajaza rimu moja, na nilizojibiwa ni mbili.

Ila usidhani nilichosoma kimelala. Siku wakulima wakiingiziwa malipo ya korosho, kila mtu anataka kutoa, hakuna anayeweka. Hela zote zinahamia kwenye simu zangu, noti zinaisha saa nne asubuhi. Nina milioni kadhaa na siwezi kumhudumia mtu wa elfu hamsini. Chuoni tulikuwa tunaita tatizo la ukwasi, tukalikariri kwa ajili ya mtihani. Jirani yangu wa kibanda cha pili analijua kwa kufunga mapema na kulalamika. Mimi ninaanza kukusanya noti kwa wenye maduka siku tatu kabla, nawalipa kidogo, nao wanafurahi.

Mjomba akikupa nauli ya ualimu usiitupe, lakini.

Bi Mkopo wa Masasi

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilisoma fedha, nikahitimu 2020, leo ni afisa mikopo hapa Masasi. Nitaandika kirefu, vumilia.

Tofauti kwanza. Mhasibu atakuambia chama kilipokea kilo ngapi, kikamlipa nani, kikabaki na nini, na kama vitabu vinakubaliana. Mtu wa fedha anaulizwa mambo ambayo bado hayajatokea. Tukope sasa tujenge ghala au tusubiri msimu mwingine? Kwa riba ipi? Bei ikianguka mnadani, nani anaumia? Mwaka wa kwanza mtakaa darasa moja na watu wa uhasibu, mtasoma vitu vilevile, na utajiuliza kwa nini kozi zina majina mawili. Mwaka wa pili ndiyo njia zinaachana.

Sasa nikupe mfano ambao hutaukuta kwenye vitabu vya chuo. Kangomba. Unaijua, usijifanye huijui.

Mwezi wa saba mkulima hana kitu. Anakuja mtu na bakuli lake la kupimia na noti mfukoni, anamwambia chukua hela leo, korosho utanipa zikikomaa. Tuseme anatoa 1,000 kwa kilo. Mwezi wa kumi na moja kilo hiyohiyo, baada ya makato yote, ingempa mkulima 2,500. Serikali inapiga marufuku, wanakijiji wanasema ni wizi, na wote wana sababu. Lakini wewe kaa uitazame kama mkopo. Mkulima amepokea 1,000, na baada ya miezi minne analipa kitu cha 2,500. Riba ni 1,500 juu ya 1,000, asilimia 150, tena kwa miezi minne tu. Mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka, kwa miezi hiyohiyo minne, ungemgharimu 60. Yaani angerudisha 1,060.

Basi kwa nini haendi benki? Hapo ndipo kozi inapoanza. Shamba halina hati, kwa hiyo dhamana hana. Mkopo wa laki moja unamgharimu afisa kama mimi mafuta ya pikipiki sawa na mkopo wa milioni tano. Na yule mwenye bakuli naye amebeba hatari yake: ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukipiga maua, mkulima hana korosho za kumpa. Akikamatwa na mzigo, amepoteza vyote. Sehemu ya ile 1,500 ni bei ya hatari hiyo, sehemu ni bei ya kungoja, na iliyobaki ni kwamba mkulima hana pa kwenda na mnunuzi analijua hilo. Ukiweza kuzitenganisha sehemu hizo tatu na kuzikadiria moja moja, wewe umesoma fedha. Mimi ilinichukua miaka mitatu.

Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo, nilikuwa mwaka wa pili. Darasani tulikuwa kwenye thamani ya fedha kwa wakati. Nikanyoosha mkono nikauliza: 3,300 ya kulipwa Novemba na 3,300 ya kulipwa Machi ni bei moja? Mwalimu akanipa chaki. Nikaanza kuhesabu ubaoni kwa riba ambayo mama yangu alikuwa anatozwa kwenye VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, darasa zima likawa kimya, wengi walikuwa wa Dar na Moshi, hawajawahi kuona mkorosho. Niliposhuka hapo nikajua sijakosea kozi.

Na mfumo wenyewe wa stakabadhi ghalani, ulioanzia kwetu 2007, ni somo la fedha lililovaa gunia. Korosho zikiwa ghalani zina karatasi, na karatasi inaweza kuwa dhamana. Miaka ile ya mwanzo benki zilikuwa zinavikopesha vyama kwa dhamana hiyo ili mkulima apate malipo ya kwanza kabla mzigo haujauzwa. Riba yake ilirudi kwa mkulima kama mstari mmoja kwenye makato. Yule mzee wako mwambie sehemu ya jibu lake ilikuwa hapo.

Hesabu: D ya Hesabu za juu inatosha kabisa, wengine wanaingia na BAM tu, ile hesabu ya msingi. Kwa pointi, Uchumi 3, Jiografia 4, Hesabu 2, una 9, na kiwango cha chini cha jumla ni pointi 4 kwa masomo mawili. Vyuo vinavyogombaniwa vinapandisha juu ya hapo, kwa hiyo jaza machaguo yote. Itakayokutesa ni takwimu. Mimi nilisapu takwimu mwaka wa kwanza, yaani nilirudia mtihani, na niliyekuwa nasoma naye akadisko, akaondolewa chuo. Jifunze Excel kabla ya kwenda, sasa hivi, hapo Kitangari, hata kwa kompyuta ya stesheneri. Watu wanafika mwaka wa tatu hawajui kupanga ratiba ya marejesho.

Ajira sitakupamba. Nilikaa mwaka na nusu bila kazi. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilipelekwa ofisi moja ambako wiki zote nane nilipanga mafaili na kuchemsha chai. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuatilia vikundi vya kina mama vijijini kwa bodaboda, mtu akikosa rejesho napanga naye mpaka usiku. Ile ndiyo iliyonifundisha kusoma sura ya mkopaji. Na ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi kumbuka bumu, hela yake ya kujikimu, si zawadi: kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi inakwenda huko, na bado sijamaliza.

Hesabu Safi, Lindi

Dada wa Masasi ameongea vizuri, mfano wa kangomba nimeuhifadhi. Lakini dogo, mimi nakupinga kwa upole. Soma uhasibu.

Halmashauri, hospitali, shule, chama cha ushirika, kiwanda cha saruji, bandari, hata msikiti wenye mradi: wote lazima wafunge hesabu, na sheria inawalazimisha wakaguliwe. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuajiri mchambuzi wa uwekezaji. Sisi tuna CPA, cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu, mtihani mgumu lakini ukiwa nayo mwajiri hakuulizi ulisoma wapi. Watu wa fedha mna CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ngazi tatu, ada kwa dola, na hapa Kusini wenye kuidai ni wachache. Soko la hisa lenyewe lilianza biashara 1998 na lipo Dar. Lindi hapa sijaona dirisha la dalali wa hisa, labda nimepitwa.

Halafu suala la pochi. TIA, Taasisi ya Uhasibu, wana kampasi Mtwara. Ungelala kwa ndugu, ukala ugali wa nyumbani, na wikiendi uko Kitangari. Dar ni chumba, nauli, na maji ya kununua.

Bi Mkopo wa Masasi

Hesabu Safi, kwenye CPA umenishika, sibishani. Nyumbani kwangu kuna vitabu vyake viwili, nimeanza mara tatu. Dogo, hata ukisoma fedha chagua masomo mengi ya uhasibu kadiri utakavyoruhusiwa, na uliza mapema chuo chako wanayahesabuje NBAA. Wenzangu waliofanya hivyo wametembea haraka kuliko mimi.

Lakini hisa hazihitaji dirisha Lindi, siku hizi unanunua kwa simu. Na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, mtu anaanza na milioni moja. Mwaka jana mwalimu mstaafu alikuja ofisini kwangu na kiinua mgongo chake chote, anataka kununua basi dogo kwa sababu shemeji yake kamwambia. Tulikaa saa mbili na kalamu: matairi, bima, dereva, siku ambazo gari limelala. Hakununua. Mimi sikupata kamisheni yoyote, maana hakukopa, na meneja hakufurahi. Kazi ya namna hiyo ipo Kusini, tatizo ni kwamba bado watu hawajazoea kuilipia.

Wakala wa Chikongola

Dada, huyo mwalimu mwambie anitafute, nina kibanda cha kuuza.

(Natania. Kidogo.)

Mtoto wa Kitangari

Asanteni sana wakubwa. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Jana usiku nilikaa na mjomba barazani nikamhesabia mfano wa kangomba kama dada alivyouweka. Alikuwa anasikiliza huku anachokonoa kiatu. Nilipomaliza akaniuliza, "Na lile godoro lako?"

Sikuelewa. Kumbe 2023 nilipopangiwa kidato cha tano, ada ilikuwa imeshafutwa, lakini shule ilitaka godoro, ndoo, sare na nauli, na ulikuwa mwezi wa saba. Aliuza gunia mbili kwa kangomba. Yeye, mtunza ghala mstaafu. Hakuwahi kutuambia, hata mama hajui. Akaniambia, "Hesabu."

Gunia mbili ni kilo 160. Alipewa 800 kwa kilo, jumla 128,000. Msimu ulipofika majirani walipokea kama 1,700 mkononi, ambayo kwa kilo hizo ni 272,000. Nikamwambia mjomba, pungufu ni 144,000.

Akakaa kimya nikadhani nimeharibu. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akasema godoro hilo limezidi kitanda cha mkuu wa wilaya. Akaniuliza chuo kinafunguliwa lini. Nikamwambia mwezi wa kumi au wa kumi na moja.

"Basi jaza hiyo fedha yako," akasema. "Mwezi wa kumi na moja nina korosho. Ila uje uniombe hela mwezi wa saba uone."

Chaguo la kwanza nimeweka fedha Dar, la pili uhasibu TIA Mtwara. La tatu ualimu, mjomba alisimama nyuma yangu mpaka nikabonyeza.