"Demand" iliniponza. Wewe Kiingereza cha kuomba kilikufanyaje?

Kijana wa Tandika: Leo kwenye daladala konda kapiga kelele, "Huyo wa dirishani namdai!" Nikakumbuka aibu yangu. Nilikuwa na miezi mitatu kwenye ofisi moja Posta, bimkubwa akaugua, nikataka ruhusa ya siku mbili. Bosi mgeni, barua lazima Kiingereza. "Ask" nikaiona ya darasa la saba. Kwenye kamusi, pembeni yake kuna "request", "beg", "demand". Hii ya mwisho nikaiona ina uzito. Nikaandika: "I humbly demand two days." Nikaitwa. Mezani karatasi moja tu, yangu, neno limezungushiwa kalamu nyekundu. Akaniuliza, "Or else what?" Sikuelewa kwamba anauliza "la sivyo utafanya nini?", nikajibu, "Yes sir." Haya, leteni zenu.

Binti Kimara: Nadai kwa unyenyekevu 😂😂 chai imenipalia

Mzee wa Upanga: Msimcheke. Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza tu, haina ubabe. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wakalitia meno. Kwa mawakili "demand letter" ndiyo ile barua ya madai, unaipata kabla ya kuburuzwa mahakamani. Bosi alihisi anashtakiwa.

Muuza vitenge Kariakoo: Sisi kuuliza mbali, kuomba mbali. Mzungu "ask" anauliza bei, akiweka "for" anaomba maji. Mimi nilimwambia mteja "I ask you money", akasimama anasubiri swali.

Dogo Mbagala: Na sisi tunarundika. Unaomba Mungu, unaomba kazi, unaomba radhi, na ombaomba naye anaomba.

Muuza vitenge Kariakoo: Nani kakataa? Soma kwanza ndiyo ubishe.

Dogo Mbagala: Nimesoma. Uza vitenge.

Mgeni Sinza: Mimi natokea Nairobi. Wiki ya kwanza hapa nikasema mgahawani, "Nipe chai." Mama akanipandisha akanishusha: "Kwani unanidai?" Sasa hivi naomba hadi chenji yangu.

Mama Tegeta: Andika "I would like to request", umemaliza.

Binti Kimara: Hiyo ya maofisini. Ukimwandikia shoga yako hivyo atajua mmegombana.

Dogo Mbagala: Weka "beg", akuonee huruma akupe wiki.

Mzee wa Upanga: Usithubutu. Hiyo ni ya kupiga magoti.

Mama Tegeta: We Tandika, ruhusa ulipata?

Kijana wa Tandika: Nilipata. Siku moja.