Utafiti wa damu kuganda: bado kuna kazi, au nimechelewa?

Sindano_Bluu: Habarini wakuu. Nimemaliza udaktari, nina miaka miwili wodini, na sasa nimepata nafasi kwenye kikundi kinachotafiti mabonge ya damu na dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenzangu kanicheka: eti tangu vidonge vipya vitoke, warfarini, dawa ya zamani ya kazi hiyo, inaelekea makumbusho na huko hakuna la kutafiti. Kilichonivuta ni mgonjwa wangu aliyevunjika mguu. Siku ya kuruhusiwa alisimama avae viatu, akashika kifua, akaanguka. Bonge lilitoka mguuni likaziba mapafu. Swali kwa mliomo: humo ndani mtu anafanya nini hasa?

Mpima_Plazma: Anajaza fomu. Kamati ya maadili, fomu za ridhaa, ripoti ya mfadhili. Ukibahatika, Ijumaa jioni utaiona damu.

Babu_Sitreti: Hajadanganya huyo, ila karuka utamu.

Mimi nilianza na beseni la maji ya nyuzi 37, saa ya kuhesabia sekunde na mirija ya kioo. Unatia plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, unatia kitendanishi cha kuigandisha, unauinamisha mrija taratibu, unauinua, unauinamisha tena. Maji, maji, maji. Mara unaona uzi mweupe, na ukiinamisha safari hii hakitiririki kitu. Hapo unabonyeza saa. Leo mashine inafanya yote hayo, lakini kijana yeyote anayekuja kwangu namkalisha kwenye beseni wiki nzima. Wananuna, baadaye wananishukuru. Wengine hawashukuru.

Mwaka wangu wa pili muda wa kuganda ulianza kurefuka kwa wagonjwa wote, hata wenye dozi ndogo ya heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda. Nikaandika kurasa nne za nadharia, nikijiona mgunduzi. Kumbe mchukua sampuli mpya alikuwa anajaza mirija nusu! Mrija wa kifuniko cha buluu una sitreti, kemikali ya kuzuia damu isigande mrijani, ya kutosha sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Damu ikipungua, sitreti inayobaki inanasa kalsiamu tunayoongeza maabara ili igande, na damu inachelewa kuganda. Sampuli za wiki sita zikaenda pipani. Kosa lilikuwa langu, sikumwonyesha mstari wa kujazia.

Sasa hayo makumbusho. Mwaka 1960 Barritt na Jordan walichapisha jaribio la wagonjwa wenye tatizo kama la huyo wako. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa bonge la mapafu. Kati ya 16 waliopewa, bonge halikuua hata mmoja. Dawa zenyewe zilikuwa zimeshajulikana miaka mingi. Kilichobaki, na ndicho kilichomla mtafiti kama Jack Hirsh kule Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ni kuuliza: kiasi gani, kwa muda gani, kwa nani? Vidonge vipya havikufuta maswali hayo. Dabigatrani, kimojawapo cha vidonge hivyo, ilipojaribiwa kwa wenye vali za moyo za chuma, jaribio lilisimamishwa mapema; wagonjwa walipata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS likaonyesha kwamba kwa wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yaliyovurugika, dawa za kundi la warfarini ziliokoa maisha zaidi ya rivaroksabani, kidonge kipya kingine. Mwambie mwenzako asifunge makumbusho bado.

Sindano_Bluu: Shikamoo Babu. Naogopa jambo moja: mgonjwa avuje damu kwa sababu ya jaribio langu.

Babu_Sitreti: Marahaba. Itatokea. Mimi niliamshwa saa nane usiku: mama mmoja, damu kwenye ubongo. Tukafungua siri ya dawa, tujue yumo kundi gani, huku mkono ukinitetemeka, nina hakika yumo kundi la dozi kubwa. Alikuwa kundi la dozi ndogo. Sikulala, na asubuhi nililazimika kuliandika tukio lile kwa maneno yaleyale ambayo ningeliandikia kundi lingine. Katika kazi hii sijapata siku ngumu kuliko ile.

Vali_ya_Chuma: Naomba kuingilia, mimi si daktari. Namaliza mwaka wa 11 na warfarini. Kikundi chenu kikikosa la kutafiti, tafuteni namna nile mboga za majani bila kupiga hesabu. INR yangu, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inapanda na kushuka kama bembea ya mtoto.

Babu_Sitreti: Usiziache mboga, dada au kaka. Vitamini K iliyomo inapingana na dawa, kwa hiyo kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, na daktari wako apange dozi juu ya hicho. Kinachoivuruga INR ni kuacha mboga mwezi mzima halafu kuzifidia siku moja.

Vali_ya_Chuma: Ni dada. Na hiyo siku moja ilikuwa juzi.

Sindano_Bluu: Nimekubali nafasi. Wamenitumia fomu ya kwanza, kurasa 14.

Mpima_Plazma: Hiyo ni ya kuombea fomu yenyewe. Karibu.