Lithiamu mpya au iliyotumika, na joto hili?

Wembe_Kisauni: Salaam aleikum. Nina kinyozi, stima inapotea mteja yuko nusu kichwa. Nimeletewa betri mbili za lithiamu, mpya ni ghali, iliyotumika nusu bei. Jumamosi nalipa. Nichukue ipi?

Fundi_Changamwe: Aina gani? Itakaa wapi? Chaja unayo? Umetuambia bei tu, yakhe.

Wembe_Kisauni: Mpya imeandikwa LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, volti 12.8. Ile nyingine ni seli za laptopu, zimeungwa tatu tatu mfululizo. Itakaa juu ya kabati, chini ya mabati. Chaja ninayo ya betri ya gari.

Fundi_Changamwe: Basi ya laptopu isahau. Chaja hiyo hufika volti 14.4, gawa kwa tatu, kila seli inalishwa 4.8 na kikomo chake ni 4.2. Halafu mabati! Betri nyingi za lithiamu huchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Baridi hatuna, lakini saa nane mchana mwezi wa pili, hapo juu ya kabati pana nyuzi ngapi? Ishushe sakafuni.

MamaSharubati: Mie na betri yangu ya asidi, maji naongeza mwenyewe. Hizo zenu za kufura sizitaki.

Boda_Likoni: Kufura nakujua. Nilitoka Ukunda juani na pikipiki ya umeme, nikafika nyumbani nikachomeka hapo hapo, betri hata mkono haushikiki. Baadaye nasikia harufu tamu, kama rangi ya kucha, nikadhani ni mke wangu. Kuangalia, kava limetuna kama hamri. Nikachomoa, nikaisukuma kwa mpini wa ufagio mpaka nje mchangani, nikakaa mbali naitazama hadi magharibi. Haikuwaka. Siku hizi naiacha ipoe kwanza, nachaji usiku.

Wembe_Kisauni: Si ina BMS, ile saketi ya kuilinda betri, ya kuzima?

Fundi_Changamwe: Za bei rahisi nyingine hazina kipima joto. Hata LiFePO4, haishiki moto upesi, lakini joto huizeesha.

MamaSharubati: Hamri halitunishwi na jua, hutunishwa na hamira. @Boda_Likoni, mke alisemaje?

Boda_Likoni: Pikipiki inalala nje, na mie nilikaribia.

Wembe_Kisauni: Sakafuni maji huingia mvua za masika. Nikiweka juu ya kiti?