Ushauri: Bima ya ulemavu inaposema "kazi yako mwenyewe", inamaanisha nini kwa daktari?

Mpasuaji_Ohio: Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mimi ni Mtanzania ninayemalizia ubingwa wa upasuaji huku Marekani. Bima ya kikundi ya hospitali inasema kwamba kwa miezi 24 ya mwanzo anahesabiwa mlemavu mtu asiyeweza kufanya kazi yake mwenyewe, na baada ya hapo ni yule tu asiyeweza kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake. Mkono wangu ukianza kutetemeka sitashika kisu tena, lakini kufundisha nitaweza. Je, nitaendelea kulipwa? Wakala naye ananihimiza nikate bima binafsi.

Daktari wa Usingizi: Mdogo wangu, marahaba. Baada ya miezi hiyo 24 uwezekano mkubwa ni kwamba watasitisha malipo, kwa sababu ualimu wa udaktari unalingana na elimu yako. Hata katika bima binafsi uwe mwangalifu, kwani mawakala huita "kazi yako mwenyewe" mikataba ya aina tatu. Wa kwanza hukulipa fao lote hata ukipata mshahara wa ualimu. Wa pili hukulipa ilimradi usifanye kazi nyingine. Na wa tatu hufidia pengo tu, ili jumla isizidi kipato chako cha zamani. Wewe tafuta ule wa kwanza, tena uhakikishe unautambua ubingwa wako, si udaktari kwa jumla.

Muuguzi Mwandamizi: Ongeza kipengele cha ulemavu wa sehemu. Mgongo uliponiuma nilibaki na nusu ya zamu na nusu ya kipato, nisilipwe hata senti, kwa kuwa mkataba wangu ulitambua ulemavu kamili peke yake. Iliniumiza sana, na nisingependa yakupate.

Mhasibu wa Kliniki: Zingatia pia kodi: ada ikilipwa na mwajiri bila kuhesabiwa katika kipato chako, fao hukatwa kodi; lakini ukiilipa mwenyewe kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi, hupokea fao zima. Muda wa kusubiri kabla malipo hayajaanza kwa kawaida ni siku 90, basi uwe na akiba ya kukufikisha hapo.

Mpasuaji_Ohio: Nashukuru sana. Nimeomba nakala kamili ya mkataba badala ya kipeperushi, na sitatia saini kabla ya kuisoma sehemu ya tafsiri ya maneno.

Daktari wa Usingizi: Vema, ila usichelewe kupita mwisho wa mafunzo. Ugonjwa wowote utakaogunduliwa kabla ya kuomba wanaweza kuuondoa katika bima.