Rimu zimeingia sawasawa, lakini taa ya upepo haizimi: naombeni ushauri

Msafiri wa Kisauni (mwanzilishi wa uzi)
Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2016, gari la mtumba, ambalo limenihudumia vizuri hapa Mombasa. Juzi nilibadilisha magurudumu yote manne: niliondoa yale ya inchi 17 na kufunga rimu za Lexus za inchi 18 zikiwa na matairi ya 225/60. Rimu zimekaa vizuri, usukani hautetemeki, na muuzaji alinihakikishia kwamba sensa za upepo (vifaa vidogo vya kupima upepo wa tairi) zimo ndani, kwa hiyo sikuwa na haja ya kununua nyingine. Hata hivyo, tangu siku hiyo ile taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao inawaka kwenye dashibodi. Nimejaza upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni, nimebonyeza kitufe cha kuweka mfumo upya, nimeendesha hadi Mtwapa na kurudi, na bado inawaka. Mwisho wa juma ninasafiri kwenda Nairobi na familia. Je, kuna njia rahisi ya kuizima? Naomba mwenye ujuzi anisaidie, maana sina raha.

Mama Salma wa Nyali
Pole, kaka. Hilo si jambo la kukukosesha usingizi. Mimi nina Volkswagen Golf ya mwaka 2015, na nilipobadilisha rimu taa iliwaka vivyo hivyo. Nilijaza matairi upepo, nikabonyeza kitufe, nikaendesha kidogo, ikazima na haijarudi hadi leo. Ndani ya rimu zangu hamna sensa yoyote, na fundi aliyenifungia aliniambia kwamba mambo ya sensa ni biashara ya watu tu. Rudia kubonyeza kitufe gari likiwa limesimama, na usikate tamaa mapema.

Fundi Magurudumu
Bi Mama Salma anasema kweli kuhusu gari lake, lakini la mwenzetu ni la aina nyingine. Golf ya umri huo haipimi upepo wenyewe. Inatumia vipimo vya kasi ya magurudumu vya mfumo wa breki, kwa sababu tairi lililopungua upepo hupungua kipenyo na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Ndiyo maana rimu yoyote inakubali. RAV4 yenye sensa hupokea taarifa kwa redio kutoka ndani ya kila gurudumu, na kitufe kile hakiwezi kuifundisha sensa ngeni.

Ndugu Msafiri, nina maswali matatu kabla sijakushauri. Ukiwasha gari, taa inawaka moja kwa moja, au inamemeteka kwanza kisha ndipo inatulia? Gari na rimu zimetoka nchi gani? Na rimu zako za zamani ziko wapi?

Msafiri wa Kisauni
Ahsante, fundi. Inamemeteka kwa muda wa kama dakika moja, kisha inabaki imewaka. Rimu zimetoka Japani, na muuzaji ana sifa nzuri kwa watu ninaowajua. Rimu za zamani haziko nyumbani tena, lakini sioni uhusiano wake na taa, kwa kuwa swali langu linahusu rimu zilizoko kwenye gari sasa.

Mwalimu Mstaafu wa Fizikia
Wanangu, mimi nitauliza lile ambalo hamkuuliza: rimu za inchi 17 zilikuwa na kosa gani? Taa hii haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria baada ya matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer kuchanika barabarani na kuua watu zaidi ya 200, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya la huko lilitakiwa kuwa na onyo la upepo. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko lina mfumo huo. Watu walikufa ndipo taa ikawekwa, nasi tunataka kuizima ili dashibodi ipendeze.

Kwa kuwa mwenzetu anapanda Nairobi, niongeze jambo moja. Kule juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji husoma zaidi. Lakini baridi ya asubuhi hupunguza upepo ndani ya tairi, na mambo hayo mawili karibu yanafutana. Asishangae akikuta kipimo hakijabadilika sana, na asipunguze upepo wowote Mtito Andei tairi likiwa bado la moto.

Dereva wa Masafa
Shikamoo, Mwalimu. Mimi naendesha lori, na kwetu hatuna taa ya namna hiyo. Tuna chuma cha kugongea matairi. Unashuka, unagonga moja baada ya jingine, na lenye upepo mdogo linajibu kwa sauti iliyopooza. Mara moja nilivivia kugonga upande wa ndani tulipotoka Mariakani, nami nilikuwa na haraka ya kufika Voi kabla ya jua kali. Kabla ya Mackinnon Road utingo alisikia harufu ya mpira unaoungua. Tulipopiga jeki tulikuta ubavu wa tairi umejikunja na kujisaga mpaka nyuzi zimetoka nje, na unga mweusi wa mpira umejaa ndani. Tairi halikupasuka kwa sababu ya msumari. Lilijipika lenyewe, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka na kuzalisha joto. Ndugu yangu, ukizima taa, jifunze kugonga.

Mkaguzi wa Tudor
Nimesoma uzi huu tangu mwanzo, na nasema wazi kwamba hadithi hii inanitia shaka. RAV4 ya umbo la mwaka 2016, yaani kizazi cha nne, haikuuzwa Japani kabisa. Wao walibaki na kizazi cha tatu hadi mwaka huohuo, kisha jina hilo likatoweka sokoni kwao na kurudi mwaka 2019 na kizazi cha tano. Mwanzilishi ameulizwa gari limetoka nchi gani, naye amejibu kuhusu rimu peke yake. Ameulizwa rimu za zamani ziko wapi, amekwepa. Nimewahi kuona nyuzi za namna hii: mtu anatunga tatizo, watu wanahangaika kulitatua, kisha anatokea mwenzake na kusema kwamba anauza sensa na atakuhudumia popote ulipo. Kama gari hilo lipo, aeleze lilitoka wapi.

Mama Salma wa Nyali
Mkaguzi, usimvunjie mtu heshima kabla hajajibu. Hata mimi nilikuwa nikidhani kila gari la mtumba hapa Kenya limetoka Japani, kwa kuwa mengi ndiko yanakotoka.

Msafiri wa Kisauni
Siuzi sensa na sina mwenzangu anayeuza. Gari lilitoka Uingereza. Sikulitaja kwa sababu RAV4 ni Toyota na Lexus ni Toyota, na kwa akili yangu kampuni moja haiwezi kutengeneza vitu visivyoelewana. Mashimo matano yameingia bila kulazimishwa na tundu la katikati limekaa barabara kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa.

Kuhusu rimu za zamani, niliziacha kwa muuzaji zikiwa sehemu ya malipo, matairi na kila kilichokuwamo ndani. Nilipata bei nzuri na siwezi kurudi kwake kama mtu asiyejua anachotaka. Tena nimeshakubaliana na fundi wa umeme aifunike ile taa kwa ndani Ijumaa, na nimempa nusu ya ujira wake. Nitapima upepo kwa geji kila asubuhi, kama walivyofanya wazee wetu kabla ya sensa kuzaliwa. Ninachotaka kujua ni kama kuifunika taa hiyo kutaharibu kitu kingine.

Fundi Magurudumu
Sasa mambo yamekaa wazi, na Mkaguzi ametusaidia ingawa alilenga pengine. Sensa ni kijisanduku kinachokaa kwenye kitako cha valvu ndani ya rimu, kikiwa na betri iliyozibwa ambayo haibadilishwi. Kinatuma kwa redio kipimo cha upepo, joto, na namba yake ya utambulisho. Sensa za magari ya Toyota na Lexus ya soko la Japani hutuma kwa megahezi 315, yaani masafa ya redio, kama namba ya stesheni. Gari lako la Uingereza linasikiliza megahezi 433. Ni sawa na kumsubiri mgeni wako kivukoni Likoni ilhali yeye ameshukia Mtongwe. Hata tukizisajili namba za sensa hizo kwenye kompyuta ya gari, halitazisikia kamwe, na ndiyo maana taa inamemeteka kwanza: kumemeteka ni gari kusema kwamba mfumo wenyewe una hitilafu. Kama ungekuwa upepo mdogo peke yake, taa ingewaka moja kwa moja bila kumemeteka.

Hilo ndilo linalonifanya nipinge mpango wa kuifunika. Taa hiyohiyo ndiyo ya upepo mdogo. Ukiifunika leo kwa sababu ya sensa, utakuwa umeifunika pia kwa siku utakayopata pancha, hata ukiwa umeshanunua sensa sahihi na kusahau kuifunua.

Rimu za zamani zina uhusiano mkubwa na taa. Sensa zilizomo ni za megahezi 433, na namba zake tayari zimo kwenye kumbukumbu ya gari lako. Mwombe muuzaji akupe sensa nne tu na abaki na rimu pamoja na matairi. Kwake hazina faida kubwa, kwa kuwa atakayenunua rimu hizo huenda gari lake limetoka Japani. Zikihamishiwa kwenye rimu za Lexus, taa itazima yenyewe baada ya kuendesha, bila kusajili chochote.

Mkaguzi wa Tudor
Nakubali kwamba gari lipo, na namwomba radhi Msafiri. Ila fundi, sensa za mwaka 2016 zimezeeka. Betri zake hudumu kati ya miaka mitano na kumi, na kazi ya kubandua tairi kwenye rimu ni ileile kwa sensa kuukuu na kwa mpya. Kwa nini asifunge zile za kuprogramu, ambazo mtu huchagua 315 au 433?

Fundi Magurudumu
Hoja yako ni ya kweli, na kama fedha zipo, hizo ndizo ningemfungia. Tena fundi mwenye mashine nzuri anaweza kunakili namba za sensa za zamani na kuziweka kwenye mpya, mradi bado anaweza kuzisoma. Asipoweza, itabidi asajili namba mpya kupitia tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi, kwa maana Toyota hii haijifunzi namba ngeni kwa kuendeshwa tu. Ndugu Msafiri, simama karibu naye anapofanya kazi. Atashika mashine ubavuni mwa tairi karibu na valvu, abonyeze, na kioo kitaonyesha namba ya utambulisho, upepo, hali ya betri na masafa ya redio. Usikubali tairi lifungwe rimuni kabla hujaona 433 kwa macho yako.

Jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatulitilii maanani ni chumvi. Valvu ya sensa mara nyingi ni ya alumini, na ndani yake hutakiwa sindano (kile kijiti kinachozuia upepo usitoke) iliyopakwa nikeli. Mafundi wengi huweka ya shaba ya kawaida, na kwa hewa yetu ya bahari vyuma hivyo viwili huumana mpaka siku ya kujaza upepo valvu inakatikia mkononi. Kofia nazo ziwe za plastiki, wala si zile za chuma zinazong'aa.

Mwalimu Mstaafu wa Fizikia
Nami niulize kuhusu nati, kwa kuwa hakuna aliyezigusa. Rimu hufuata umbo la nati zake.

Fundi Magurudumu
Umefanya vyema kuuliza, Mwalimu. Rimu nyingi za aloi za Toyota na Lexus hutumia nati yenye shingo na wosha bapa, na nati ya koni haikai humo hata kama hesi, yaani mizunguko ya skrubu, zinakubaliana. Ikiwa Msafiri ametumia nati alizotoka nazo kwenye rimu za aloi za gari hilohilo, huenda yuko salama, lakini azitazame moja moja na azikaze kwa spana ya kipimo hadi nyutonimita 103, kisha azikague tena baada ya kilomita chache. Ukubwa wa matairi hauna tatizo: kama ya zamani yalikuwa 225/65 ya inchi 17, kipenyo kilikuwa karibu milimita 724, na haya mapya ni kama 727.

Msafiri wa Kisauni
Nimezitazama nati, zina wosha bapa na ni zile zilizokuja na gari. Nimempigia muuzaji. Rimu mbili ameshaziuza, na mbili bado anazo. Bado naona kwamba bei niliyopewa ilikuwa nzuri, na rimu za Lexus sizitoi. Je, naweza kuchanganya sensa mbili za zamani na mbili mpya?

Fundi Magurudumu
Unaweza, ilimradi zote nne ni za 433 na namba zote nne zimesajiliwa. Ila zile mbili za zamani zipimwe betri kwanza, na zifungwe na mipira mipya ya kuzuia upepo kwenye kitako cha valvu. Kama sensa hazitapatikana kabla ya safari, nenda na taa ikiwa imewaka: pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ukifika Voi pitisha kiganja kwenye kila tairi, kwa kuwa lenye joto kuliko wenzake ndilo la kupimwa upya. Mpigie fundi wa umeme leo umwambie asije.

Msafiri wa Kisauni
Nusu ya ujira wake sitaidai. Nimemwambia badala yake anisajilie namba za sensa, naye anasema mashine anayo. Kesho naenda kuzichukua zile mbili.