Jibu: Kuipima nyumba ya Mtwara kwa feng shui

Ndugu zangu wa ughaibuni, assalaam aleikum.

Namjibu mdogo wetu aliyeko Guangzhou, aliyeuliza kama feng shui, yaani elimu ya Kichina ya kupanga nyumba, aliyoizoea huko inaweza kutumika katika nyumba anayowajengea wazazi hapa Mtwara. Inaweza, ila jua na pepo za hapa zitangulie.

Ramani ya feng shui, iitwayo bagua, huigawa nyumba katika sehemu nane zinazozunguka kitovu, na kila sehemu ina jambo lake la maisha na asili yake kati ya tano, yaani maji, moto, mbao, chuma na udongo: kaskazini ni maji na kazi, kusini ni moto na sifa njema, mashariki ni mbao na familia, magharibi ni chuma na watoto, kitovu ni udongo na afya. Mpimaji huilaza ramani hiyo juu ya mchoro wa nyumba kwa kufuata dira, kisha hutazama ni pembe ipi imekosekana na ni wapi asili mbili zinagombana. Kwa mfano, jiko likibanana na sinki, huweka kitu cha mbao katikati, kwa kuwa maji hulisha mbao na mbao hulisha moto. Kuhusu dira usihangaike: kutoka Mtwara, Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo anayejua kibla ameshapata pa kuanzia.

Ugumu unaanzia kwenye mlango. Wachina walipendelea nyumba itazame kusini kwa sababu kwao jua la majira ya baridi hutokea upande huo, na upepo mkali wa baridi hutoka kaskazini. Sisi tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na adui wetu ni joto. Wapo walimu wanaoigeuza bagua kwa ajili ya nusu hii ya dunia, na wapo wanaokataa katakata. Mimi ningeiacha ramani ilivyo, lakini madirisha ningeyapanga yapokee kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na ukuta wa magharibi ningeupa upenu mrefu na mwembe, maana chumba kilichochomwa na jua la alasiri hakilaliki.

Jambo la pili linanigusa zaidi. Feng shui hulaumu mlango wa mbele unaotazamana na wa nyuma, ikisema chi, yaani nguvu ya uhai, huingia na kutoka bila kutulia. Nyumba zetu nyingi zina korido iliyonyooka kutoka barazani hadi uani, na korido hiyo ndiyo inayowapoza wazee mchana. Tafadhali usimruhusu fundi aizibe kwa ukuta. Pazia jepesi linatosha: upepo unapita, na macho ya mpita njia yanazuiwa. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu nao waliipinda njia ya kuingilia baada ya daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kwa ajili ya stara, kwa hiyo haja ya kutouacha mlango wazi hadi ndani ni yetu pia.

Kitanda kiwekwe mahali ambapo anayelala anauona mlango bila miguu yake kuuelekea moja kwa moja, na kioo kisikitazame kitanda. Choo kisiwe katikati ya nyumba. Hata fundi wa mabomba atakuunga mkono. Mambo ya kutabiri bahati kwa tarehe ya kuzaliwa nayaacha, kwani wazazi wetu ni watu wa dini na nyumba ni yao.

Kabla msingi haujamwagwa, nitumie mchoro wenye alama ya kaskazini, na unieleze barabara iko upande gani na mzee angependa baraza yake itazame wapi.

Dada yenu,
Mtwara