Nimeitwa shamba la kilimo hai Mgeta, miezi minne bila mshahara. Niende?

BintiDumila:

Habari zenu wakulima. Wakubwa shikamooni.

Nimemaliza diploma ya kilimo. Kuna mama mmoja Mgeta, huku milima ya Uluguru, juu ya kijiji cha Langali, ana ekari moja na nusu ya mboga. Hatumii dawa ya dukani wala mbolea ya mfuko. Nilimfahamu siku tulipopelekwa kwake na chuo, nikabaki na namba yake. Nimempigia, amesema nije nikae naye kuanzia mwisho wa Februari, tuimalize masika pamoja. Pa kulala na chakula atanipa, mshahara hakuna.

Wakati huohuo duka moja la pembejeo karibu na Msamvu, Morogoro mjini, wananiita. Kazi ni kuuza mbegu na dawa, 150,000 kwa mwezi. Mama yangu habari ya Mgeta hataki hata kuisikia. "Nimekulipia ada, leo ukalime bure shamba la mtu? Jembe hapa nyumbani halipo?" Sina jibu la kumpa, maana jembe lipo kweli, na kulima nimeanza nikiwa darasa la tatu.

Kinachonisumbua ni hiki. Dawa za viwandani nazijua kwa majina na vipimo. Mboji chuoni tulitengeneza lundo moja, likizo ikafika tukaliacha, sikuwahi kuliona likiiva. Mkulima akiniuliza atazuiaje kantangaze, yule kiwavi wa nondo anayechimba majani na matunda ya nyanya, bila kupiga dawa, nitanyamaza. Mimi ndiye nitakayeitwa bwana shamba, halafu ninyamaze?

Waliopitia huko, niambieni ukweli. Nitajifunza au nitakuwa kibarua? Na nimuulize nini kabla sijapanda gari?

Kijana wa Kihonda:

Chukua kazi ya duka. Nilijitolea miezi mitatu shamba moja la mboga za kilimo hai, mkoa mwingine, sio Moro. Tulikuwa vijana wanne. Kuosha karoti, kupanga kreti, kupakia gari, kesho tena karoti. Kitalu sikukigusa hata siku moja. Siku naondoka nimeomba barua ya kuthibitisha nilikuwepo, nikapewa mistari miwili, na jina langu limekosewa. Maneno "kujitolea" na "uzoefu" yanatumika sana kupata vibarua wa bure. Angalia sana.

Mama wa Bigwa:

Mdogo wangu, nenda. Ila mpigie tena kwanza.

Mimi nilikaa karibu na Nyandira, hukohuko Mgeta, miezi mitano, mwaka 2014. Sasa nina robo tatu ya ekari hapa Bigwa, nauza chainizi, mchicha, mnavu na karoti kwa nyumba kama arobaini, Jumanne na Ijumaa. Watoto wangu wanasoma kwa hela hiyo.

Aliyoyasema kaka wa Kihonda yapo, na sitaki yakupate. Kinachomtenganisha kibarua na anayejifunza ni tuta. Mwombe mama akukabidhi tuta moja, uliandae wewe, upande wewe, umwagilie wewe, na fungu la mwisho uliuze wewe. Akisita kukupa tuta moja kati ya ekari moja na nusu, baki Morogoro.

Mwenyeji wangu alinipa langu siku ya tatu, mita kumi kwa moja. Nikapanda chainizi. Nilitaka iwahi kuliko ya kwake. Kwa jirani kulikuwa na samadi ya kuku, mbichi, ukiisogelea macho yanatoa machozi. Nikaimwaga kuzunguka miche jioni, nikamwagilia, nikalala nimefurahi. Siku ya tatu kingo za majani zimekuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Siku ya tano miche imelala chini. Ilikuwa themanini, ikabaki kumi na moja. Na kwamba samadi mbichi inaunguza, chuoni nilishaliandika kwenye mtihani nikapata.

Yule mama hakunifokea. Alichuchumaa, akang'oa mche mmoja, akaniwekea mizizi kiganjani. Myeusi, inateleza kama bamia. Akasema changanya majani makavu humo, geuza, usipande kitu mpaka harufu iishe. Wiki tano tuta langu likakaa tupu katikati ya matuta yake ya kijani, na kila apitaye njiani anauliza lile la nani. Toka hapo samadi naijua kwa pua.

Kingine kilikuwa fimbo. Kila lundo la mboji lilikuwa na fimbo ndefu imechomekwa mpaka katikati. Asubuhi unaichomoa, unaikamata kwa kiganja. Ikiwa ya moto na ina unyevu, lundo linafanya kazi. Ya moto lakini kavu, ina unga mweupe, linataka maji. Ya baridi, basi majani mabichi au samadi ni kidogo, au lilishindiliwa hewa haipiti, inabidi ligeuzwe. Kazi hiyo nilipewa mimi. Mwanzoni nilikuwa narudi jikoni nasema "ya moto". Ananiuliza: moto wa chai au moto wa uji ulioepuliwa sasa hivi? Narudishwa nikashike tena. Mwezi wa pili nikawa naenda mwenyewe kabla sijanawa uso, nina hamu ya kujua limeamkaje. Lundo la kwanza liliiva baada ya kama miezi mitatu, jeusi, linanukia udongo wa msituni, huoni tena lipi lilikuwa bua na lipi lilikuwa kinyesi cha mbuzi.

Sasa maswali. Muulize samadi inatoka wapi. Mgeta una bahati, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, walipeleka kule mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway miaka ya 1980 na nyumba nyingi zinafuga mpaka leo. Banda linainuliwa kwa nguzo, sakafu ya fito, kinyesi kinadondoka chini unakikusanya kwa reki. Shamba la kilimo hai lisilo na mfugo wala mahali pa uhakika pa kupata samadi litakufundisha kuhangaika tu.

Muulize ardhi ni ya nani. Hili wengi hawaliulizi. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, ardhi ya ukoo inapita upande wa mama. Mwenyeji wangu alirithi kwa mama yake, ndiyo maana alipanda miti kwenye kingo na kurudisha udongo juu kila mwaka. Aliyekodi msimu mmoja hawezi kuhangaika na udongo utakaompa faida baada ya miaka minne, na hana kosa. Ukiwa kule usianze kuwahubiria wazee habari ya makinga maji. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwa amri, mpaka mwaka 1955 watu wa Matombo wakainuka. Kuna nyumba hadithi hiyo bado inasimuliwa. Sikiliza kwanza.

Muulize anauza wapi na kwa nani, na umwambie unataka kwenda naye sokoni. Mimi nililia siku ya kwanza. Kabichi yetu ina vitobo viwili vitatu, ya jirani aliyepiga dawa haina hata kimoja, na mchuuzi anatoa bei ileile au pungufu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wanajiunga vikundi na kukaguana wenyewe kwa wenyewe, wapate nembo ya Kilimohai, inayomwonyesha mteja kuwa zao ni la kilimo hai. Ipo toka 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki. Nembo peke yake haiuzi, lazima kuwe na mteja anayeijua.

Kantangaze sitakudanganya. Akishazaana shambani, muarobaini peke yake haumwezi. Unaanza mapema: majani yenye michirizi unayachuma kila siku unayachoma au unayafukia chini sana, hupandi nyanya juu ya nyanya wala karibu na viazi mviringo, na mnavu nao unauangalia maana anaingia humo pia. Mitego ya harufu inakuonyesha nondo wamefika. Mwenyeji wangu aliacha nyanya msimu mzima, akaweka karoti na njegere. Kuacha nako ni kazi ya shamba. Halafu huo muarobaini wenyewe haupendi baridi, kule juu wanatumia zaidi utupa, mmea ambao majani yake yanaua wadudu. Utapata majani yake kwa jirani yeyote, ila usiyaoshee mtoni, yanaua samaki.

BintiDumila:

Dada, nimesoma mara mbili, nimeandika pembeni. Asante sana. Kaka wa Kihonda nawe asante, barua nitaizungumza kabla ya kwenda.

Nauliza tena: je, nitapata muda wa kusoma na kuandika au ni jembe kuanzia alfajiri mpaka giza? Na usalama, maana nitakuwa peke yangu ugenini.

Mzee wa Lushoto:

Marahaba mwanangu. Mimi ni upande wa wanaopokea. Nina ekari mbili za mboga hapa Lushoto, na kila mwaka nakaa na kijana mmoja, sizidishi. Nikisema ukweli, mwezi wa kwanza kijana ananipunguzia kazi kidogo kuliko anavyoniongezea. Anang'oa karoti akidhani ni majani, nasimama kumwelekeza huku maji ya mfereji zamu yangu inaisha. Mwezi wa tatu ndipo tunakuwa sawa. Kwa hiyo miezi minne bila mshahara naielewa. Lakini akizidi hapo, mimi huanza kumpa sehemu ya mauzo, na wewe lizungumze hilo mapema.

Hapa kwangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita ni shamba. Baada ya chakula tunapumzika, saa kumi tunamwagilia. Kati ya hapo muda ni wa kijana na daftari lake. Aandike tarehe ya kusia, ya kuhamisha miche, mvua ilinyesha lini, sota, yule kiwavi anayekata miche usiku, alikata mingapi. Nimeona wanaotegemea kichwa, wakifika kwao hawakumbuki walihamisha kabichi ikiwa na majani mangapi.

Usalama: siku ya kwanza mwambie mama akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Chumba kiwe na komeo la ndani. Namba ya mama mwenyeji mwachie mama yako, waongee wao kwa wao kabla hujaondoka. Mara nyingi mzazi akisikia sauti ya mzazi mwenzake, mambo hulainika. Na beba sweta na gambuti, Mgeta kama huku kwetu, baridi ya Juni haina mchezo.

Kijana wa Kihonda:

Kama atapewa tuta lake na barua, narudisha maneno yangu. Mimi hilo la tuta halikunijia hata kuliomba.

BintiDumila:

Nimempigia leo mchana. Nilipotaja tuta alikaa kimya kidogo, akasema kuna moja karibu na mfereji lililokuwa la binti yake aliyeolewa, nitapewa hilo. Mbuzi anao wanne. Ardhi ni ya mama yake. Soko ni Nyandira na mara moja kwa wiki gari la Morogoro, nitapanda naye. Barua amesema atamwomba mtendaji aigonge muhuri.

Halafu nikampa simu mama yangu. Wameongea dakika ishirini, nusu yake bei ya vitunguu. Alipokata simu hakusema niende wala nisiende. Ameniuliza njegere za Mgeta mbegu yake inapatikana kwa kilo au kwa kopo, na kama nikirudi Juni nitamletea. Dukani nimewaambia wasinisubiri.

Dada wa Bigwa, hilo tuta la karibu na mfereji, likiwa na maji mengi hivyo, nianze na nini?

Mama wa Bigwa:

Usianze na karoti, zitaoza masika. Inua tuta lifike magotini, chimba kijifereji pembeni maji yapite, kisha weka spinachi nusu na chainizi nusu. Samadi inuse kwanza.